Kuongeza Nguvu za Gari na Haki ya Aliyetoa Dhamana

Tumeulizwa, baada ya darsa yetu ya Alkhamisi hapa Malinya, suala ambalo kwa sura yake ya nje laonekana kuwa ni la gereji wala si la chuoni. Mwulizaji ni kijana mfanyi biashara, mtu wa adabu na bidii, ambaye pamoja na shemeji yake wamenunua pikapu mpya ya dizeli, nusu kwa nusu. Kijana ndiye aiendeshaye. Mara tatu kwa wiki hutoka nayo kwenda Kisumu, akarudi na unga, sabuni na mafuta ya kupikia, akayagawanya katika maduka ya Khayega na ya huku kwetu Ikolomani. Gari lina umri wa miezi 14, nalo limekwenda kilomita 38,000. Waliouza waliliwekea dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia.

Basi akamjia fundi, akamwambia: Nipe shilingi 40,000 na alasiri moja tu, nitaiandika upya kompyuta ya gari lako, na hizo nguvu za farasi 150 zitakuwa 185. Kijana akauliza: Na dhamana yangu je? Fundi akacheka, akasema: Siku ya kwenda servisi pitia kwangu kwanza, nikurudishie ya zamani, ukitoka huko njoo nikutilie mpya tena. Nani atajua?

Hilo "Nani atajua?" ndilo lililomleta kijana kwetu. Twamsifu kwa kuja, kwani wengi wakisha kusikia neno kama hilo hawamwulizi mtu tena.

Kwanza na tukifahamu kitu chenyewe. Kutoa hukumu juu ya jambo usilolijua ni aibu kwa mwenye elimu, na aibu hiyo sisi masheikh tumejitwalia mara nyingi kuliko ifaavyo. Kwa hivyo tulikwenda kwa fundi mwengine, mzee asiye na cha kuuza katika shauri hili, tukakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatufunza kama tulivyofunzwa alifu na be.

Akatwambia kwamba malalamiko ya kijana hayakosi asili. Mji wa Kakamega u juu ya bahari kiasi cha mita 1,500, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu 1 katika 7. Injini hula hewa pamoja na mafuta. Ikipungukiwa na hewa hupungukiwa na nguvu. Gari lenye turbo hujitetea, kwani turbo ni feni inayoisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, lakini huku juu feni hiyo yalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kupata kile ambacho pwani ingekipata kwa raha. Tena gari likitoka Kisumu na shehena, hapana budi lipande kutoka Mamboleo, Riat hata Kiboswa, na yeyote aliyepanda njia hiyo nyuma ya lori la saruji ajua maana ya subira.

Katika magari ya siku hizi, kompyuta ndiyo iamuayo mafuta kiasi gani yaingie, yaingie wakati gani, na turbo isukume hewa kwa kani gani. Fundi akiiandika upya huongeza mafuta na kuongeza hewa, na nguvu huzidi kweli. Hapa hapana uwongo. Lakini moto nao huzidi, na mkazo juu ya pistoni, juu ya gasketi ya silinda hedi, juu ya klachi na giaboksi huzidi vile vile. Tukamwuliza mzee: Mbona basi wenye kiwanda hawakuzitoa nguvu hizo tangu mwanzo, ikiwa zimo? Akatujibu kwamba wameziacha makusudi. Wao hawajui gari litakwenda kwa nani. Huenda likapata dizeli chafu, au dereva asiyebadilisha oili kwa wakati, au vumbi la murram miezi mitatu, au mzigo wa tani 2 mahali pa tani 1. Kwa hivyo huacha akiba baina ya kile injini iwezacho na kile iruhusiwacho. Akiba hiyo ndiyo aiuzayo yule fundi kwa shilingi 40,000.

Maneno haya ya mzee ndiyo yaliyotufungulia mlango wa suala zima, nasi tutayarudia.

Wako watakaotaraji tuseme kwamba kuigeuza injini ni kosa kwa asili yake. Hatusemi hivyo. Mali ni ya mwenyewe, na mwenye mali ana haki ya kuitumia, kuirekebisha, hata kuikhatirisha kwa kadiri ya akili. Watu wa Malinya hawahitaji kufunzwa khabari ya nguvu na khatari yake. Uwanja wetu wajulikana mbali kwa mchezo wa mafahali wa Waidakho na Waisukha, na ngoma za isukuti husikika tangu alfajiri siku ya mpambano. (Sisi mchezo huo hatuusifu, kwa sababu ya kuwachochea wanyama waumizane, lakini hapa twautumia kwa mfano tu.) Husemwa kwamba wako wenye mafahali wanaowalisha vileo kabla ya kuingia uwanjani ili wazidi ukali. Tumchukulie mtu aliyefanya hivyo kwa fahali aliyemnunua mwezi uliopita, kwa sharti kwamba akifa kwa maradhi ndani ya mwaka muuzaji atamrudishia fedha. Fahali akaanguka, akafa. Je, mtu huyu akimwendea muuzaji na kumwambia "ng'ombe wako alikuwa mgonjwa", nani kati ya wazee wa hapa atakayeketi kumsikiliza? Na kama hapana aliyemwona akimlisha, je, dai lake litakuwa limegeuka kuwa haki?

Neno dhamana tumelitwaa kwa Kiarabu, na katika vitabu vya fiqhi lina mlango wake. Maana yake ni mtu kujitwika mzigo ambao pasipo ahadi yake ungekuwa juu ya mwengine. Na wanachuoni wameweka kanuni ambayo kila mwanafunzi huikuta mapema, kwamba faida ya kitu na khatari yake huandamana. Asiyebeba khatari hana njia ya kuidai faida. Muuzaji wa gari alipoandika "miaka 3 au kilomita 100,000" hakukusudia gari lolote liitwalo pikapu. Alikusudia injini ile, iliyofungwa vile, pamoja na ile akiba aliyoiacha ndani yake. Akiba ndiyo iliyompa moyo wa kuahidi. Kwa sababu yake alipiga hesabu akaona kwamba katika magari mia yatakayotoka, machache tu yatarudi, naye aweza kuyatengeneza bila ya kufilisika.

Sasa mtu aitwaaye akiba ile na kuigeuza kuwa mwendo wa kupandia Riat, kisha akaiacha ahadi ya muuzaji isimame kama ilivyokuwa, amefanya nini? Amechukua faida upande wake na kuiacha khatari upande wa mwenziwe, na mwenziwe hana khabari. Ubaya wa jambo hili hauko katika spana wala katika kompyuta. Uko katika kule kutokuwa na khabari. Laiti angalimwambia muuzaji, "nimeigeuza injini, basi injini na giaboksi sikudai tena, bali milango na taa na vyengine vyote nakudai," wala pasingekuwa na neno juu yake.

Na twajua jawabu litakalotolewa, kwani kijana mwenyewe alilitoa, nasi tukalisikiliza kwa muda mrefu kwa sababu si jawabu la kipumbavu. Alisema: Sheikh, masharti yale niliyaandika mimi? Ni kijitabu cha kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili, herufi kama mayai ya chawa. Nilipewa kalamu nikaambiwa tia saini hapa na hapa. Kama ningesema sharti hili silitaki, gari wangenipa? Hayo ni mapatano gani, ambayo upande mmoja husema na upande wa pili hunyamaza?

Twakiri kwamba katika hayo mna ukweli mwingi. Makampuni yana nguvu kuliko mnunuzi mmoja mmoja, na mara nyengine huitumia nguvu hiyo vibaya. Wako wanaokataa kutengeneza kiyoo cha dirisha kwa sababu eti ekzosi imebadilishwa, jambo ambalo halina uhusiano wala na akili wala na haki. Huko Marekani jambo hili lilitungiwa sheria mwaka 1975, ile iitwayo kwa majina ya Magnuson na Moss, ikawakataza wenye viwanda kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri vya chapa yao peke yake. Na kwa ufahamu wa sheria hiyo, anayetaka kukataa kutengeneza kitu hana budi aonyeshe kwamba kile kilichoongezwa ndicho kilichokiharibu. Na hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara yake ya 46 yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kiasi cha kuridhisha, na haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nayo. Kisha ikafuata Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mtu akidhulumiwa ana pa kushika, ingawa njia ya mahakama ni ndefu na viatu vyetu vyembamba.

Wala hatusahau kwamba makampuni nayo yamepata kuificha khabari ya kompyuta. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 ulimwengu mzima ulisikia kwamba Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa moshi, ikausafisha kwa muda wa kipimo, kisha barabarani ikauachilia. Kampuni yenyewe ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu hiyo. Tazama mfano huu jinsi unavyolingana na ule wa fundi wetu: siku ya kupimwa sura moja, siku nyengine sura ya pili. Sote tulisema kwamba wale walikhini. Basi hatuwezi kuitwaa mizani ile ile tukaigeuza kwa kuwa sasa aliye juu yake ni kijana wa kwetu naye ni mpungufu wa mali kuliko wao.

Ndiyo, sharti likiwa la dhuluma mtu ana haki ya kulipinga, kulishitaki, kulikataa kwa sauti, hata kukataa kununua. Lakini kusema uwongo kaunta ya servisi si kulipinga sharti. Ni kuliacha kama lilivyo na kupita chini yake.

Fundi alisema hapana atakayejua, na hata hili si kweli. Kompyuta za magari mengi ya sasa huhesabu ni mara ngapi zimeandikwa upya, na kurudisha maandiko ya zamani hakuifuti hesabu, huiongeza. Magari ya Volkswagen na Audi huko Marekani yakigunduliwa kuwa yamegeuzwa huwekewa katika daftari la kampuni alama iitwayo TD1, na mwenye alama hiyo hujua taabu yake siku turbo inapokufa. Lakini hatutaki kuitegemea hoja hii. Mtu anayeacha kudanganya kwa sababu ya daftari ataanza tena siku fundi atakapopata njia ya kulifuta. Twafahamu kisa cha yule muuzaji wa nafaka katika soko la Madina, aliyeiweka kavu juu na iliyorowa chini, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono ndani ya chungu la nafaka. Mvua ndiyo iliyoirowesha, wala hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpango wake wa juu na chini.

Hapa hatuna budi tuseme jambo la nafsi zetu, ambalo hatukupata kuliandika kabla ya leo.

Tulipokuwa na umri wa miaka 26 tulinunua mashine ndogo ya petroli ya kuvutia maji kisimani, yenye dhamana ya mwaka mmoja, katika duka ambalo hatulitaji wala mji wake. Maji yalikuwa yakifika nyumbani kwa uvivu. Jirani mjuzi akatuonyesha kile kisukurubu cha gavana kizuiacho mwendo wa injini, tukakifungua kidogo, kisha kidogo tena. Maji yakaja kwa nguvu, tukafurahi wiki sita. Siku moja mashine ikapiga kelele moja kubwa, chuma kikatokeza ubavuni mwake. Tukakirudisha kisukurubu mahali pake kwa uangalifu mkubwa, tukaifuta mashine, tukaipeleka dukani tukasema: Imekufa yenyewe. Mpokeaji alikuwa kijana mwembamba aliyeajiriwa pale, mwenye kutuheshimu kwa ajili ya kanzu yetu. Hakuuliza hata swali la pili. Akatupa nyengine mpya, tukaondoka tukijiambia kwamba duka lile ni tajiri.

Baada ya miezi mitatu tukapata khabari kwamba waliowapelekea duka bidhaa waliifungua mashine ile, wakaona dalili za kuendeshwa kupita kiasi, wakakataa kulipa. Na mwenye duka akamkata mshahara yule kijana kwa kuipokea bila ya kuipima. Tulikwenda. Tulimlipa mwenye duka thamani ya mashine yote, naye akaipokea kwa mshangao. Ama kijana alikwisha kuondoka, wala hatukumwona tena hata leo. Kanzu ile ile iliyomfanya asiulize ndiyo tuivaayo tunapofundisha.

Kwa hivyo tunapoambiwa kwamba khasara huangukia kampuni, na kampuni haina uso, sisi twajua kwamba khasara haikai hewani. Hushuka chini mpaka imkute mtu, na mara nyingi humkuta aliye mdogo kuliko wote.

Tumrudie mwulizaji, kwani yeye alitaka pia ushauri wa dunia yake, na kuupima mzigo kabla ya kuubeba ni katika akili. Tulimwambia akae na kalamu. Upande mmoja aandike atakachopata: dakika chache katika kupanda mlima, kuzitimiza safari zake kabla ya magharibi, na raha ya moyo, ambayo nayo ni kitu. Upande wa pili aandike kwamba amebakiwa na miezi 22 ya dhamana au kilomita 62,000, na kwa mwendo wake wa sasa kilomita na miezi vitakwisha karibu pamoja. Aulize bei ya giaboksi, ya turbo, na ya injini nzima, wala asiulize kwa yule anayetaka shilingi 40,000. Kisha ajiulize: siku hiyo ikija, na hapana wa kumlipia, mimi na shemeji yangu tutaweza? Kama jawabu ni la, basi suala limekwisha, hata kama khatari yenyewe ni ndogo. Kwani khatari ndogo ya jambo litakalokuvunja si sawa na khatari kubwa ya jambo litakalokuudhi tu.

Tukamkumbusha na breki. Nguvu huongezwa kwa kompyuta, lakini kompyuta haiongezi breki, na mlima ule ule wa Riat apandao kwa mzigo huushuka asubuhi pamoja na wanafunzi na bodaboda. Na bima kadhalika: aliyekata bima ameeleza gari lake lilivyo, na mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa maelezo, akiligeuza pasipo kuwaarifu, huenda siku ya ajali akajikuta amelipa miaka yote kwa karatasi tupu.

Mwisho tukamwuliza jambo ambalo tulidhani limekwisha kupita: Shemeji yako amesemaje? Kijana akatazama chini. Shemeji alikuwa hajaambiwa. Nusu ya gari ni yake, na nusu ya ile akiba iliyomo ndani ya injini ni yake, na nusu ya dhamana ni yake, naye yuko Mumias akijua kwamba pikapu yao ni ile ile waliyoinunua. Hapo tulinyamaza kidogo, kwani tuliona kwamba kijana ameshafika mwenyewe mahali tulipokuwa tukimpeleka kwa njia ndefu.

Jumapili alikwenda Mumias. Shemeji, kwa alivyotusimulia, alimwuliza swali moja tu: "Kwani unakimbilia nini, shemeji?" kisha wakala chakula. Wakakubaliana kumwandikia muuzaji barua, wamwulize kama kuna mabadiliko yoyote anayoyaridhia mwenyewe bila ya kuivunja dhamana, na wampunguzie gari magunia manne katika kila safari hata jawabu lirudi. Jawabu bado. Jumanne iliyopita tulipanda naye kutoka Kisumu, na pale Riat tulipitwa na malori mawili na basi moja la shule, watoto wakitupungia mikono madirishani.